Mechi Zote Huwa Jumamosi

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Daktari amesema niandike. "Kila siku, Onyancha. Goti limeamkaje, limelalaje, umelifanyia nini." Nikamwambia mimi si karani. Akasema basi nikatafute goti lingine. Kwa hiyo naandika.

Goti la kulia: limevimba kidogo. Mvua: saa tisa kasoro, kama ilivyo desturi ya Kisii. Mazoezi: hakuna, uwanja umekuwa bwawa.

Kwa faida ya daktari, mimi ni Abner Onyancha, umri miaka thelathini na minne, urefu futi sita na inchi tano. Nimecheza mpira wa kikapu kwa mshahara tangu 1985. Miaka kumi nilikuwa Nairobi katika timu ya shirika moja kubwa. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa stoo, ingawa hiyo stoo yenyewe sikuwahi kuonyeshwa mlango wake. Mwaka jana shirika likapunguza watu, timu ikavunjwa, nami nikarudi nyumbani. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Sasa mwajiri wangu ni Ravi, mwenye duka la mabati hapa mjini Kisii, anayefuga timu kama wengine wanavyofuga njiwa. Asubuhi nauza misumari, jioni nafundisha wachezaji, Jumamosi nacheza.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumeshinda. Pointi kumi na nane zangu. Goti: usiulize.

Mama hakuwepo. Nimeandika hivyo kana kwamba ni habari. Mama yangu, Nyamusi, ni Msabato wa kijijini Ikonge, na tangu jua litue Ijumaa hadi litue Jumamosi hagusi jembe, hagusi sarafu, wala hatazami mpira. Na ligi nzima, kuanzia Nairobi hadi hapa, huchezwa Jumamosi. Nimecheza miaka kumi na mmoja. Nimecheza Dar, nimecheza Kairo, nimepigiwa makofi na watu wasiojua hata Ikonge ni chakula au ni ugonjwa. Mama hajaniona hata dakika moja.

Huwa nasema hainiumi. Inaniuma. Kabla goti hili halijaninyang'anya kazi, nataka anione mara moja tu. Basi.

Jumanne, 10 Septemba

Goti vilevile. Mvua saa tisa.

Jumanne, 17 Septemba

Nilikwenda kwa Padre mwenye uwanja, maana uwanja mzuri wa saruji hapa mjini ni mmoja tu na uko shuleni kwake.

"Padre, naomba tucheze Jumapili. Mara moja tu."

"Siku ya Bwana, Onyancha?"

"Mama yangu anasema siku ya Bwana ni Jumamosi."

"Basi mwambie mama yako uwanja ni wa watu wa Jumapili."

Nikarudi dukani kumwomba Ravi atafute uwanja mwingine. Alikuwa amepanda ngazi, anahesabu makopo ya rangi.

"Mimi sina shida na siku," akasema. "Kwetu siku yoyote ni sawa. Lakini Jumapili napanga stoo, na wewe ndiye unabeba."

Kwa hiyo Jumamosi ina mwenyewe, Jumapili ina mwenyewe, na zilizobaki ni za misumari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Aliyesema hayo alikuwa na magoti mawili.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua saa nane na nusu. Inaanza kujizoesha mapema.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimepata! Alhamisi ijayo, tarehe kumi, ni sikukuu ya taifa. Si Sabato, si siku ya Padre, na duka litafungwa. Nimepiga simu tatu kwa timu ya Homa Bay kuwabembeleza tucheze mechi yetu siku hiyo. Wamekubali. Nimemtumia Mama ujumbe kwa karani wa kituo cha majani chai, naye amejibu: "Mwambie nitakuja, kama ng'ombe hajazaa."

Alhamisi, 10 Oktoba

Ng'ombe hakuzaa. Mama alikuja.

Alifika saa sita na nusu, amevaa rinda lake la kanisani na viatu vya kufunga kamba, mkononi ana mwavuli wa mtu mwingine. Nilimketisha chini ya paa la veranda ya duka, hatua mia mbili kutoka uwanjani, nikamwambia mechi ni saa nane. Akatazama bukta yangu.

"Hiyo ndiyo nguo ya kazi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mtu mzima, Abner."

Saa nane kasoro dakika tano refa akatoa filimbi mfukoni. Saa nane kasoro dakika tatu mbingu zikafunguka. Sikusema ikanyesha, nimesema zikafunguka: mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa maharagwe, yanadunda juu ya saruji kuliko mpira wetu. Wachezaji wa Homa Bay wakakimbilia chini ya mti, mti ukavunjika tawi, wakakimbilia darasani. Nilibaki peke yangu katikati ya uwanja nikiitukana hali ya hewa, hadi Mose akaja kunivuta mkono. Mose ndiye anayecheza nafasi yangu mimi nikipumzika. Ana miaka ishirini na minne, na anaruka kama ana deni na ubao.

"Kochi, ingia ndani. Utapigwa na mawe bure."

Tulingoja saa mbili. Mama naye alingoja saa mbili pale verandani. Mama yake Ravi, bibi mzee Chandrakala, alimletea kiti na chai. Bibi huyo amekaa Kisii miaka hamsini na anasema Kigusii vizuri kuliko vijana wa mjini. Niliporudi nimelowa niliwakuta wanazungumzia bei ya ndizi.

"Mama, tungoje kidogo tu. Maji yanapungua."

"Yaya, omwana one. Hapana, mwanangu. Ng'ombe atakamuliwa na nani? Na hii mawe imepita kwa majani yangu, sijui kama imeacha kitu."

Akafungua mwavuli wa mtu mwingine, akaenda zake. Mawingu yakaondoka nyuma yake. Saa kumi na moja jua liliwaka uwanja mzima, na palikuwa pakavu kabisa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Goti: baya. Mimi: vibaya zaidi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikukuu nyingine, na bahati nyingine. Homa Bay wamerudi, mechi imechezwa, mvua imechelewa hadi saa kumi. Nimefunga pointi ishirini na saba. Tangu Kairo sijacheza hivyo. Hata nilipotaka kukosa, mpira uliingia. Ravi alirukaruka akapoteza kiatu.

Mama hakuja. Majani yaliyonusurika mawe yamechipua yote kwa mpigo, lori la majani lilikwama matopeni Ijumaa, na kituo kikatangaza kwamba kitapokea Jumatatu. Basi mimi nilikuwa nafunga pointi ishirini na saba huku Mama anachuma majani mawili na chipukizi.

Pointi ishirini na saba!

Jumapili, 27 Oktoba

Leo nilimtoroka Ravi na stoo yake, nikaenda Ikonge kugombana. Sikwenda kusalimia, nilikwenda kugombana, na nilifika nimeshapanga maneno.

Mama alikuwa uani anapepeta wimbi la uji. Tulisema kwa Kigusii. Naandika kwa Kiswahili ili daktari naye asome.

"Mama, kwa nini hukuja?"

"Majani hayangoji."

"Mimi nimengoja miaka kumi na mmoja!"

"Nani alikuambia ungoje? Nilikuambia usicheze siku ya Bwana. Ukacheza. Sasa unataka siku ya Bwana ihamishwe, na siku ya majani pia ihamishwe. Wewe ni nani, Abner, wa kuhamishiwa siku?"

"Ni kazi yangu!"

"Kazi gani? Kila mwaka nauliza kazi yako ni nini hasa, unaniambia unarusha mpira. Watoto wa Nyamweya hapo chini wanarusha mpira, na hakuna anayeita kazi."

"Njoo uone basi! Si ndiyo maana nakuita? Unahukumu kitu hujawahi kukiona!"

Akaweka ungo chini. "Sijakuhukumu," akasema. "Hata siku moja." Akaingia jikoni. Nikabaki nawapigia kelele kuku.

Nilipoondoka, dada yangu Kwamboka, anayeishi na Mama tangu Baba afariki, alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa amekasirika na mimi, na Kwamboka akikasirika husema polepole.

"Unajua kwa nini Mama aliacha ushemasi mwaka wa tisini na moja?"

"Alichoka. Ndivyo alivyoniandikia."

"Alichoka wapi? Picha yako ilitoka kwa gazeti, uko Kairo, na chini wameandika mechi ya Jumamosi. Wazee wa kanisa wakamwita. Wakamwambia asimame mbele ya watu aseme hakubaliani na wewe, na mambo yaishe. Si jambo kubwa, dakika moja tu."

"Akasema nini?"

"Alikataa. Akasema, 'Sabato ninaishika mimi mwenyewe. Mtoto wangu siwezi kumkana mbele ya watu.' Wakamtoa. Miaka miwili hakugusa meza ya Bwana kuiandaa, yeye aliyekuwa anaosha vile vitambaa kila mwezi. Na akatuapisha tusikuambie."

Nimerudi mjini. Miaka yote nimekuwa nikimwona Mama kama ukuta, na nikajivunia kuupiga teke. Nimeaibika sana. Na bado nina hasira, sasa sijui ni kwa nani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ravi amenikata mshahara wa siku moja kwa kutoroka stoo. Haki yake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempelekea daktari daftari. Amelisoma lote huku mimi nimelala kitandani goti likiwa wazi.

"Hii ni shajara ya mama yako," akasema. "Goti liko wapi?"

Halafu akalibonyeza, nikapiga kelele, akasema amelipata. Kisha akakaa, na daktari akikaa ujue. Gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Nikicheza hadi Desemba nitatembea na mkongojo nikiwa na miaka arobaini. Akanipa mwezi huu tu, na hata huo kwa shingo upande.

Nimetazama ratiba. Jumamosi, 30 Novemba, hapa nyumbani, dhidi ya Migori. Hiyo ndiyo ya mwisho.

Jumanne, 12 Novemba

Nimewaambia Ravi na Mose. Ravi akaniambia nitabaki dukani na kwenye timu kama kocha, na akaenda kumgombeza mtu kwa sababu ya bawaba ili nisimwone uso. Nilidhani namfahamu huyu bahili.

Mose akasema, "Mwambie mathe wako ni ya mwisho. Akijua hivyo lazima atakuja."

"Sitaki aje kwa kunihurumia. Akitaka kuja, aje kunitazama nikicheza."

"Kochi, wewe ni mgumu kama yeye tu."

Nimemwapisha asiseme. Ndiyo, najua. Kuapisha watu ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Jumatano, 20 Novemba

Leo bibi Chandrakala aliniita kwenye meza ya kaunta.

"Ile siku ya mawe, mama yako alikuja kuona mchezo. Ameshaona?"

"Bado."

"Tangu lini anatafuta?"

"Tangu 1985."

Aliweka miwani chini. "Ravi!" Sauti ilitikisa mabati. Ravi akatoka stoo mbio. "Huyu mtu mama yake hajamwona miaka kumi na moja, na wewe unaweka mechi saa nane? Sabato yao inaisha jua ikitua. Weka mechi jioni!"

"Mummy, giza—"

"Una lori tatu. Lori haina taa?"

Ravi ameinunua timu, ameinunua mipira, lakini mwenye timu ni nani tumejua leo. Migori wamekubali kwa sharti la kulazwa mjini na kulishwa kuku. Kipindi cha kwanza kitaanza saa kumi na moja na nusu, cha pili Sabato ikishafungwa. Mama anayo ile karatasi ya kanisa ya saa za jua kutua, huiweka ndani ya Biblia. Jumamosi hiyo ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne.

Nimempelekea ujumbe: aje mjini Ijumaa kabla ya jua kutua, alale kwangu, asali Sabato katika kanisa la hapa mjini, akishafunga Sabato ateremke uwanjani kwa miguu. Hakuna amri hata moja atakayoivunja. Nimezihesabu zote kumi.

Jumapili, 24 Novemba

Jibu: "Nitakuja. Nipike nini Ijumaa, nimletee?"

Mvua saa tisa.

Ijumaa, 29 Novemba

Mama amefika na ndizi, maziwa ya kibuyuni na blanketi lake mwenyewe, maana haamini langu. Kabla ya jua kutua alifagia chumba changu chote, akapika chakula cha leo na kesho, akaosha sufuria, akaketi. Tukaimba wimbo mmoja kufungua Sabato. Sijaimba tangu niondoke nyumbani. Nilikosea ubeti wa tatu, akanitazama.

Karibu nimwambie. Sikumwambia.

Jumamosi, 30 Novemba

Mpango ulikuwa rahisi. Nikae nje kipindi chote cha kwanza, Mose acheze, nilitunze goti. Mama akifika, niingie. Mtoto mdogo angeuelewa.

Mvua ilinyesha saa nane, ikaisha saa tisa, tukafagia maji. Saa kumi na moja na nusu tukaanza. Dakika ya kumi Migori walikuwa mbele kwa pointi kumi na sita. Mose alikuwa anakimbizana na kila mtu isipokuwa yule aliyepaswa kumkaba. Ravi alikuwa amejishika kichwa. Nami nikajiambia dakika tatu tu, niwatulize vijana, kisha nitoke. Hivyo ndivyo nilivyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilicheza dakika nane. Nilifunga pointi kumi na moja na tukawakaribia hadi nne. Halafu nikaruka kudaka mpira uliogonga ubao, nikatua, na kitu ndani ya goti kikasema basi. Walinibeba hadi kwenye benchi. Mose akanifunga bandeji huku analia, nami namwambia aache ujinga.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Nilikuwa na saa mkononi. Kwa mbali, juu kilimani, waliimba wimbo wa kufunga Sabato. Dakika kumi baadaye akina mama watano wenye vitambaa vyeupe wakaingia langoni, Mama mbele, Biblia kwapani. Lori za Ravi zikawashwa taa. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza. Bibi Chandrakala akampisha Mama kwenye kiti chake.

Mama akatafuta uwanja mzima kwa macho. Akanipata kwenye benchi. Akaja hadi mbele yangu, akasimama.

"Miaka kumi na moja unaniambia unacheza," akasema. "Nimekuja, nakukuta umekaa."

Nilicheka hadi nikaumia. Nikamtazama Ravi, Ravi akatazama goti langu, akakataa kwa kichwa.

"Niingize," nikasema.

"Onyancha, hapana. Daktari—"

"Dakika tatu za mwisho. Nitasimama tu."

Aliniingiza zikiwa zimebaki tatu. Sikukimbia, nilichechemea hadi chini ya kapu nikasimama hapo kama nguzo ya ua, mkono juu. Tulikuwa nyuma kwa mbili. Mose alinipa mpira mara ya kwanza nikamrudishia, akafunga. Mara ya pili nikampa mwingine, akakosa. Kisha, sekunde chache kabla ya mwisho, mpira ukanifikia tena na mbele yangu hapakuwa na mtu. Niligeuka kwa mguu wa kushoto, ule mzima, nikaurusha polepole kama nilivyourusha mara elfu kumi. Ukaingia. Taa za lori zilinipiga machoni, nikamtafuta Mama.

Alikuwa ameinama. Mtoto wa mtu alikuwa amekanyaga Biblia yake nyasini, naye alikuwa anaipangusa matope kwa kitambaa cha kichwa, anamgombeza mtoto.

Tumeshinda kwa mbili. Watu walinibeba. Mama alipiga makofi na wengine, akiuliza kwa nini wanapiga.

Jumapili, 1 Desemba

Goti: haliwezi kukunjika. Mvua: bado.

Ravi hakuniita stoo. Mama aliamka kabla yangu, akachemsha maji ya chumvi, akaketi sakafuni na kulikanda goti kwa kitambaa cha moto. Mikono yake ina weusi wa utomvu wa majani ambao hautoki. Alikanda muda mrefu, halafu akaanza.

"Yule mrefu, Mose, anapenda kelele. Lakini anakuheshimu."

"Ndiyo."

"Na yule mwenye filimbi, kwa nini aliwaonea?"

"Hakutuonea, Mama. Ni sheria."

"Alituonea." Akatia kitambaa majini, akakamua. "Nimeongea na yule bibi. Amesema lori zitakuwepo tena. Mimi naweza kuja mwezi ujao, kama majani si mengi. Ile ingine ni lini?"

Nilitaka kumdanganya. Nikatazama mikono yake, nikashindwa.

"Hakuna ingine, Mama. Ya jana ilikuwa ya mwisho. Daktari amenikataza."

Mikono ikasimama.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alikitia kitambaa majini, akakikamua, akakitandaza juu ya goti. Nilidhani atanigombeza, na ningefurahi angenigombeza.

"Ungeniambia, Abner," akasema. "Ningetazama vizuri."